Mwongozo Kamili wa Kulichambua Neno Moja la Kiingereza: Maana, Asili na Mipangilio ya Herufi za “Post”

Katika kujifunza Kiingereza, maneno mafupi husumbua kuliko marefu. Neno refu kwa kawaida huwa na maana moja au mbili, nalo hufunguka mtu akishavijua viambishi vyake. Neno la herufi nne, kinyume chake, linaweza kujaza safu tatu za kamusi, na msomaji mwenye haraka akaondoka na maana ya kwanza tu aliyoikuta juu. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulichambua neno la aina hiyo kuanzia matumizi yake hadi chimbuko lake, kisha kuzipanga upya herufi zake bila kuuchanganya mchezo na historia. Neno tutakalokwenda nalo ni “post”. Lina maana nyingi, lina asili zaidi ya moja, na herufi zake zikipangwa upya hutoa maneno mengine matano ambayo kila msomaji wa Kiingereza anayajua.

Vifaa ni vichache: daftari, na kamusi kubwa ya Kiingereza inayoeleza asili ya maneno. Kamusi ndogo za mfukoni hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa sehemu ya asili ndiyo ya kwanza kuondolewa pale mchapishaji anapotaka kupunguza kurasa.

Hatua ya kwanza: kusanya matumizi kabla ya kufungua kamusi

Andika kila matumizi ya neno unayoyakumbuka, hata yale unayoyashuku. Kwa “post” orodha yako huenda ikawa hivi: nguzo iliyosimikwa ardhini, mlingoti wa goli, barua na vifurushi, kituo cha askari, nafasi ya kazi, andiko lililowekwa mtandaoni, kubandika tangazo, kutuma barua, kumpeleka mtumishi kituo kipya, kuhamishia hesabu kwenye leja (daftari kuu la hesabu), na kile kiambishi cha mwanzo wa maneno chenye maana ya “baada ya”. Faida ya kuanza hivi ni kwamba unaifikia kamusi ukiwa na maswali yako. Anayeanza na kamusi hufuata mpangilio wa mhariri wake, na mara nyingi hukubali kila anachoambiwa bila kujiuliza ni kwa nini nguzo na barua vikae chini ya neno moja.

Ukishaandika, tenganisha nomino, vitenzi na viambishi. Kwenye vitenzi ipo njia moja ya haraka ambayo naiona ina manufaa kuliko kukariri fasili, nayo ni kuuliza ni kitu gani kinachotendwa. Kikiwa barua, kitenzi kina maana ya kutuma. Akiwa mwanajeshi au mwanadiplomasia, maana ni kupangiwa kituo. Likiwa tangazo, ni kubandika au kuweka hadharani, na zikiwa tarakimu za jarida la mhasibu, yaani daftari la kuandikia miamala ya kila siku, ni kuzihamishia kwenye leja. Kitenzi hakibadiliki hata herufi moja, lakini yambwa yake humwelekeza msomaji bila kosa.

Hatua ya pili: tofautisha vidahizo na maana ndogo

Sasa fungua kamusi. Kidahizo ni lile neno lililochapwa kwa wino mzito ambalo maelezo yote huwekwa chini yake. Utaona kwamba “post” haina kidahizo kimoja. Ipo “post” yenye tarakimu ndogo 1 juu yake, kisha yenye 2, kisha yenye 3, na kiambishi awali huwekwa peke yake. Tarakimu hizo ndogo ni tofauti kabisa na namba za kawaida zinazopangwa ndani ya kidahizo, na kuzichanganya ndilo kosa linalowapoteza wengi.

Tarakimu ya juu humaanisha kwamba mhariri anayahesabu kuwa maneno mawili yaliyofanana kwa maandishi na matamshi. Hali hiyo wanaisimu huiita homonimia. Namba za ndani humaanisha kwamba neno ni lilelile, ila limezaa maana kadhaa kadiri miaka ilivyopita, na hiyo ndiyo polisemia. Kwa hiyo nguzo ya mbao na mlingoti wa goli ni maana mbili za neno moja, ilhali nguzo na barua ni maneno mawili yaliyogongana katika tahajia.

Rudi kwenye orodha yako na uandike kando ya kila matumizi namba ya kidahizo chake. Fanya hivyo kwa kalamu, kwa sababu baadhi ya majibu yatakushangaza. La kushangaza kuliko yote ni hili: andiko la mtandaoni haliko kwenye kidahizo cha barua. Liko kwenye kile cha nguzo.

Hatua ya tatu: fuatilia asili ya kila kidahizo

Sehemu ya asili huwa ndani ya mabano ya mraba, ama mwanzoni ama mwishoni mwa maelezo, nayo huandikwa kwa mkato. Majina ya lugha hufupishwa. Alama ya mshale usio na mkia, yaani “<”, husomwa “limetokana na”. Na nyota ndogo mbele ya neno huonyesha umbo ambalo halijapatikana katika maandishi yoyote, bali limekadiriwa na wataalamu kwa kulinganisha lugha. Nyota hiyo iheshimiwe. Anayeinakili asili ya neno na kuiacha nyota amegeuza kadirio kuwa ushahidi.

Tuanze na nguzo. Neno hili lilikuwamo tayari katika Kiingereza cha Kale, na limetokana na Kilatini “postis”, yaani mhimili wa mlango. Maana ya mwanzo, basi, ni kipande cha mbao kilichosimama wima. Kutoka hapo zilipatikana nguzo za taa, za vitanda, za mageti na za viwanja vya michezo. Nguzo ya kumalizia mbio za farasi ndiyo iliyoupa jina mfumo wa uchaguzi wa Uingereza, ambamo mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake hushinda hata kama hakufikia nusu: Waingereza husema “first past the post”, yaani aliyeipita nguzo kwanza.

Nguzo hizohizo zilitumika kubandikia matangazo, na kufikia karne ya 17 kitenzi “to post” kilikwisha kuwa na maana ya kutangaza jambo kwa kulibandika mahali pa wazi. Baadaye likazaliwa “poster”, karatasi kubwa ya tangazo. Mwaka 1978, huko Chicago, Ward Christensen na Randy Suess walifungua mfumo wa kompyuta ambamo watu walipiga simu kwa modemu na kuachiana ujumbe, nao wakauita ubao wa matangazo, kwa sababu hicho ndicho walichokuwa wakikiiga. Ubao ulipoingia katika kompyuta, kitenzi cha kubandika kikaingia pamoja nao. Ndiyo maana anayesema leo kwamba “ameposti” picha anatumia, bila kujua, neno la mhimili wa mlango wa Kirumi, wala hakuna posta inayohusika hapo.

Barua ina njia nyingine. Kilatini kilikuwa na kitenzi “ponere”, kuweka, na umbo lake “posita” lilimaanisha kilichowekwa. Katika Kiitaliano umbo hilo lilifupika likawa “posta”, likapita katika Kifaransa kama “poste”, kisha likafika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 16. Kilichowekwa si barua, bali ni wapanda farasi na vituo vyao. Mjumbe mmoja asingeweza kwenda mbio safari nzima, hivyo farasi na watu waliwekwa njiani kwa umbali maalumu ili ujumbe upokewe na kupelekwa mbele bila kulala. Mwaka 1490 familia ya Taxis ilianzisha huduma ya namna hiyo kwa ajili ya Mfalme Maximilian, kati ya Innsbruck, katika Austria ya leo, na Mechelen, katika Ubelgiji ya leo. Uingereza nayo ilikuwa na wajumbe wa kifalme, na mwaka 1635 Mfalme Charles wa Kwanza aliruhusu watu wa kawaida walipie huduma hiyo.

Ukifuata mpangilio huo utaona jinsi maana ilivyohama hatua kwa hatua: kwanza kituo cha farasi, kisha mpanda farasi mwenyewe, kisha mfumo mzima wa kupeleka barua, na mwishowe barua zenyewe. Kitenzi nacho kilimaanisha kusafiri mbio kwa kubadilisha farasi, na maana ya kutumbukiza barua katika sanduku ni ya karne ya 19, zama ambazo stempu ya kwanza ya kubandika ilitolewa Uingereza, mwaka 1840. Usemi “post haste”, yaani kwa haraka kuu, ni mabaki ya agizo lililoandikwa juu ya barua za zamani kumhimiza mjumbe aende mbio. Maana ya kihasibu pia hutazamwa kuwa ni tawi la hapa: tarakimu huchukuliwa kutoka jarida na kupelekwa kwenye leja. Leja iliyopokea tarakimu zake zote huwa imefikia tarehe ya leo, na kutokana na hali hiyo Wamarekani wa karne ya 19 wakaanza kusema mtu yuko “posted”, yaani ana habari zote.

Niongeze jambo dogo ambalo huwafurahisha wanafunzi. Waingereza husema “post” pale ambapo Wamarekani husema “mail”, lakini shirika la barua la Uingereza huitwa Royal Mail, na la Marekani huitwa Postal Service.

Kidahizo cha tatu, kituo cha askari au nafasi ya kazi, ni ndugu wa damu wa kile cha barua. Kinatokana na “ponere” hiyohiyo, ila kwa kupitia Kiitaliano “posto”, mahali palipowekwa kitu, na kiliingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Askari aliyewekwa mahali amepewa “post”. Karani aliyewekwa kwenye kiti cha ofisi naye vilevile. Wimbo wa tarumbeta uitwao “Last Post”, unaopigwa leo katika maziko ya wanajeshi, ulikuwa ishara kwamba ukaguzi wa vituo vya walinzi umekamilika kwa siku hiyo.

Kiambishi awali ni Kilatini “post” yenyewe, baada ya. Kimo katika “postscript”, nyongeza iandikwayo chini ya barua, na kimo pia katika kifupisho “p.m.”, ambacho kwa ukamilifu ni “post meridiem”, baada ya adhuhuri.

Hatua ya nne: upime undugu kabla ya kuuandika

Maneno yanayofanana hushawishi. Kwa hiyo kila unapotaka kuandika kwamba neno fulani ni la ukoo wa lingine, lipitishe katika maswali matatu: je, miaka yake inalingana, yaani mzazi alikuwapo kabla ya mtoto? Je, sauti zake zilibadilika kwa namna inayojulikana katika lugha hizo? Je, ipo njia ya maana inayoonekana katika maandishi ya kati? Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa kwa mafungu kati ya 1884 na 1928, inafaa sana kwa swali la tatu, kwa kuwa huweka chini ya kila maana nukuu zenye mwaka, kuanzia ya zamani kabisa iliyopatikana.

Jaribu maswali hayo kwa “postpone”, kuahirisha. Wengi hudhani ni la upande wa barua. Ukweli ni kwamba ni kiambishi “post” kilichoungana na “ponere”: kuweka baada ya. Silabi ya kwanza ni ya kiambishi, na ya pili ndiyo iliyo ya ukoo mmoja na barua na kituo cha askari. Tazama sasa “compost”, mboji, ambayo ina “post” mwishoni na ambayo ungetarajia isiwe na uhusiano wowote. Hii kweli ni ya ukoo wa “ponere”, maana yake ya asili ikiwa ni vitu vilivyowekwa pamoja. “Impostor”, laghai anayejifanya mtu mwingine, ni wa ukoo huohuo: ni mtu aliyewawekea wengine jambo lisilo la kweli.

Wakati mwingine tahajia yenyewe hudanganya. “Posthumous” husemwa juu ya kitabu kilichotolewa baada ya mwandishi kufa, na ile “hum” ya katikati humfanya msomaji aone neno la Kilatini la udongo, “humus”, kana kwamba maana ni baada ya kuzikwa. Neno la Kilatini lilikuwa “postumus”, bila h, na maana yake ilikuwa “wa mwisho”. H iliongezwa na waandishi waliodhani hivyo hivyo. Kosa lao limo katika kila kamusi hadi leo, na halifutiki.

Jihadhari zaidi na hadithi zinazodai kwamba neno la zamani ni kifupisho cha herufi za mwanzo. Mfano maarufu ni “posh”, maridadi, linalodaiwa kutokana na tiketi za meli zilizoonyesha upande wenye kivuli wakati wa kwenda na wa kurudi. Hakuna tiketi kama hiyo iliyowahi kuonekana. Maneno yaliyoundwa kwa herufi za mwanzo ni machache sana kabla ya karne ya 20, kwa hiyo hadithi ya aina hii ikihusu neno la zamani, ikatae mpaka uonyeshwe maandishi.

Hatua ya tano: panga upya herufi

Hapo ndipo anagramu inapoingia, yaani neno linalopatikana kwa kuzipanga upya herufi zote za neno lingine. Nimeiweka nyuma makusudi, kwa sababu inapendeza mno, na anayeianza mapema huona uhusiano pasipokuwa nao.

Anza kwa kuhesabu. Herufi nne zisizojirudia hupangwa kwa njia 4 × 3 × 2 × 1, yaani 24. Unaweza kuziandika zote, lakini ni afadhali kuishika herufi moja na kuzizungusha zingine, na katika Kiingereza herufi ya kushika, kama ipo, ni S, kwa sababu huashiria wingi wa nomino na pia nafsi ya tatu ya kitenzi. Iweke S mwishoni, na utabakiwa na O, P na T, zenye mipangilio sita tu. Kati ya hiyo mitatu ni maneno: “opt”, “pot” na “top”. Rudisha S mwishoni, nawe una “opts”, “pots” na “tops”. Sasa ihamishe S mwanzoni mwa mipangilio ileile sita: “pot” inakuwa “spot”, “top” inakuwa “stop”, na “opt” inatoa “sopt”, ambayo si kitu. S ikiwa ya tatu, linapatikana “post” peke yake. S ikiwa ya pili hakuna neno. Mipangilio yote 24 imekwisha, na maneno ni sita.

Kwa maneno marefu njia hiyo huchosha, na hapo hutumika ufunguo wa kialfabeti: panga herufi za neno kwa mfuatano wa alfabeti, na maneno mawili yakitoa mfuatano mmoja, ni anagramu. Ufunguo wa “post” ni o-p-s-t. “Listen” na “silent” yana ufunguo e-i-l-n-s-t, pamoja na “enlist”, “inlets” na “tinsel”. Programu za kompyuta hufanya hivyo hivyo: hulipatia kila neno la kamusi ufunguo wake na kuyakusanya yenye ufunguo mmoja. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1676 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha herufi 14 zilizopangwa kialfabeti ili kujihakikishia umiliki wa ugunduzi wake bila kuutaja, na miaka miwili baadaye akazifumbua kuwa sentensi ya Kilatini “ut tensio, sic vis”, yaani kadiri ya mvutano ndivyo nguvu ilivyo, kanuni ya springi inayobeba jina lake hadi sasa.

Ukishapata anagramu zako, zirudishe zote katika hatua ya tatu. “Stop” lilimaanisha kwanza kuziba tundu. Linatokana na umbo lililokadiriwa la Kilatini cha baadaye, *stuppare, kuziba kwa nyuzi chakavu za kitani, na kutoka kuziba likafikia kuzuia, kisha kusimama. “Spot” lilikuwa doa kabla ya kuwa mahali. “Top” ni la asili ya Kijerumaniki, yaani ukoo wa lugha unaokijumuisha Kiingereza na Kijerumani, na jamaa yake katika Kijerumani cha leo ni “Zopf”, msuko wa nywele. “Opt” ndilo changa kuliko yote: lilichukuliwa katika karne ya 19 kutoka Kifaransa, ambacho kililipata katika Kilatini “optare”, kuchagua. Hakuna hata moja lililo ndugu wa “post”.

Hatua ya sita: ongeza herufi moja

Ukiongeza R unapata “ports”, “sport” na “strop”. Ukiongeza E, “poets”. Ukiongeza U, “spout” na “pouts”. Yote haya ni majirani wa bahati. Ongeza I, na utapata “posit”, kuweka wazo kama msingi wa hoja. Lipitishe katika maswali matatu ya hatua ya nne kama mengine yote, nawe utaona kwamba safari hii undugu ni wa kweli: “posit” linatokana na “positus”, umbo lilelile la “ponere” ambalo, lilipokuwa “posita”, lilipoteza I yake likawa “posta” ya Kiitaliano. Herufi uliyoiongeza kwa mchezo ndiyo iliyodondoka katika historia.

Hatua ya saba: weka kumbukumbu

Tenga ukurasa mmoja kwa kila kidahizo wala si kwa kila neno, la sivyo nguzo na barua zitachanganyika tena. Juu andika namba ya kidahizo, chini yake maana kwa mfuatano wa miaka, kisha njia ya asili pamoja na nyota zake zote. Anagramu ziandikwe ukurasa wa nyuma. Neno la pili linalofaa baada ya hili ni “least”, lenye ufunguo a-e-l-s-t, kwa kuwa linatoa “slate”, “stale”, “steal” na “tales”, na kati ya hayo yamo ya asili ya Kijerumaniki na yaliyopitia Kifaransa. Anza na matumizi, kamusi ikiwa bado imefungwa.